Bili za umeme na maji zimeupita mshahara: tuanze kupunguza wapi?

Mzani ameuliza:

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba ushauri wenye namba.

Nyumba ina watu watano. Umeme unafika uniti 240 kwa mwezi, maji mita za ujazo 28, na kupikia ni gesi. Bei ya umeme imepanda, ya maji imepanda, kipato kiko palepale. Vifaa vilivyopo: friji ya milango miwili, hita ya kuogea ya papo kwa papo ya wati 5500, televisheni na king'amuzi, ruta ya intaneti, pasi, birika la umeme, presha pampu ya wati 750 inayosukuma maji ndani, na taa nane za LED za wati 9. Kiyoyozi hakuna.

Ushauri unaopatikana kila kona ni "zima taa, chomoa chaja". Taa zinazimwa na chaja zinachomolewa, lakini bili haishuki. Kwa hiyo nauliza: hizo uniti 240 zinakwenda wapi hasa? Mita 28 za maji kwa watu watano ni kawaida? Vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi vinavyotangazwa kwamba vinapunguza bili kwa nusu, vinafanya kazi? Na matumizi mengine ya nyumbani yabanwe vipi ili bili ilipwe bila kulimbikiza deni?

---

Fundi Saketi amejibu:

Mkuu, bili haishuki kwa sababu taa zako si tatizo. Taa nane za wati 9 zikiwaka saa 5 kila siku ni uniti 11 kwa mwezi. Hata ukikaa gizani mwezi mzima, zitabaki uniti 229.

Hesabu ni wati mara saa, gawanya kwa 1000. Ukiipitisha kwenye vifaa ulivyotaja, hita ya kuogea peke yake inakula karibu nusu ya bili. Watu watano, kila mmoja dakika 8 kwa siku, ni dakika 40 za wati 5500: uniti 3.7 kwa siku, sawa na 110 kwa mwezi. Friji ya aina hiyo ikiwa na afya huenda kwenye uniti 1 hadi 1.5 kwa siku, tuseme 45. Televisheni ya wati 80 kwa saa 6 pamoja na king'amuzi kisichozimwa ni kama 23. Pampu ikifanya kazi dakika 40 kwa siku ni 15. Birika likichemsha lita 4 kwa siku ni 13, maana lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 100 hula karibu uniti 0.1 na kidogo. Pasi ya nusu saa kwa siku ni 10 au zaidi kidogo. Jumlisha na taa, unafika 227.

Kwa hiyo anza bafuni. Kuoga dakika 5 badala ya 8 kunashusha 110 hadi 69. Hita nyingi za aina hii zina swichi ya hatua mbili au tatu. Watu huweka hatua ya juu kisha wanafungulia maji mengi ili yasichome. Fanya kinyume: weka hatua ya chini, punguza maji kwenye koki mpaka joto likutoshe. Wati 5500 zinaweza kupandisha joto la lita 4 tu kwa dakika kwa nyuzi 20, kwa hiyo ukitaka maji mengi na ya moto kwa pamoja, kifaa hakina uwezo huo. Anayeoga kwa ndoo atumie lita 15 zilizopashwa kwa nyuzi 20: ni uniti 0.35, nusu ya dakika 8 za hita. Ila usipashe maji kwa fimbo ya umeme ndani ya ndoo huku mtu anaoga au mtoto yuko karibu. Fimbo ikipasuka ganda, maji yote yanakuwa na umeme.

Friji ipimwe, isikisiwe. Bana karatasi kwenye mlango kisha uivute. Ikitoka bila kukwama, raba imelegea na baridi inatoka usiku na mchana. Osha raba kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwanza, maana mara nyingi ni uchafu tu. Ikiwa imejikunja, ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele huku ukiinyoosha. Ikiwa imechanika, badilisha. Mgongo wa friji uache nafasi ya sentimita 10 na ukuta, na nyavu za nyuma zifutwe vumbi baada ya kuchomoa waya. Barafu ikizidi unene wa milimita 5, zima friji iyeyuke yenyewe. Usichokonoe kwa kisu: ukitoboa mfereji wa gesi, gharama yake itameza akiba ya mwaka. Joto la ndani liwe nyuzi 4, la friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Na tafadhali usiizime friji usiku kwa nia ya kubana matumizi. Asubuhi kompresa hufanya kazi mfululizo kurudisha baridi, na chakula kimeshakaa kwenye joto linalozalisha vijidudu.

Sasa kipimo chenyewe. Kwenye mita kuna taa ndogo inayomeka, yaani inayowaka na kuzima, na pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh (mimeko 1000 kwa kila uniti), au 1600, au 3200. Ikiwa ni 1000, hesabu sekunde kati ya mmeko na mmeko, kisha gawanya 3600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika dakika hiyo. Kwa mita ya 1600 gawanya 2250, kwa ya 3200 gawanya 1125. Ili upate kwa usahihi, pima muda wa mimeko kumi ugawe kwa kumi.

Fanya mara mbili. Mara ya kwanza zima swichi kubwa: taa ya mita lazima iache kumeka. Ikiendelea, kuna mtu ameunganishwa baada ya mita yako au mita ni mbovu, na hilo ni la kampuni ya umeme, usiguse chochote. Mara ya pili washa swichi kubwa, zima vifaa vyote usiku, chomoa friji, acha vingine kwenye soketi kama kawaida. Utakachosoma ndicho nyumba inachokunywa ikiwa imelala. Wati 60 tu za kudumu ni uniti 43 kwa mwezi.

Kuhusu vile vifaa vya kuchomeka: havifanyi kazi. Ndani yake kuna kapasita ndogo na taa ya kuonyesha kwamba kimewaka. Kapasita inarekebisha kile mafundi wanachokiita pawa fakta, lakini mita ya nyumbani inahesabu nishati halisi uliyotumia, kwa hiyo hakuna cha kupunguza. Vingine vimetengenezwa vibaya hadi vinachoma soketi. Na wanaoshauri kubandika sumaku kwenye mita wanakupeleka kwenye faini na kukatiwa huduma.

---

Bombani amejibu:

Nichukue swali la maji. Mita 28 ni lita 28,000. Gawanya kwa siku 30 na watu watano: lita 187 kwa mtu kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kuwa zinatosha mahitaji ya msingi. Kama hakuna bustani wala gari linaloshwa, 187 ni dalili kwamba sehemu ya maji hayo hamyatumii kabisa.

Funga koki zote, soma mita pamoja na tarakimu nyekundu, msitumie maji kwa saa mbili, soma tena. Mita nyingi zina nyota au pembetatu ndogo inayozunguka hata kwa maji machache sana. Kama inazunguka na koki zimefungwa, mnavujisha. Ila kama nyumba ina tenki la juu, jaribio hili litakudanganya, kwa sababu tenki linaweza kuwa linajaa. Fanya kwa vipande viwili. Funga vali inayoingiza maji kwenye tenki: mita ikiendelea, bomba kati ya mita na tenki linavuja, na kwa kawaida ni chini ya ardhi. Ikisimama, weka alama ya kina cha maji ndani ya tenki usiku, msitumie maji, kisha angalia asubuhi. Kina kikishuka, uvujaji uko ndani ya nyumba.

Ndani ya nyumba, mtuhumiwa wa kwanza ni choo. Kinavuja kimya, hakuna tone linaloonekana sakafuni. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashia, usiflashi kwa dakika 20. Rangi ikionekana bakulini, ile raba ya chini haifungi. Sababu ziko tatu. Raba imekuwa ngumu au ina chokaa pembeni: futa kiti chake, pale inapokalia, kwa kitambaa kigumu, isipotosha nunua raba mpya, ukienda dukani na ile ya zamani mkononi maana vipimo hutofautiana. Mnyororo ni mrefu na unanasa chini ya raba: ufupishe, ubaki na ulegevu wa sentimita moja hivi. Au boya limewekwa juu mno, maji yanamwagika ndani ya bomba la ziada, lile linalopokea maji yaliyozidi, bila kukoma: lishushe mpaka maji yasimame sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba hilo.

Koki inayodondoka ipime kabla ya kuidharau. Kinga kwa dakika 10, pima mililita, zidisha kwa 144, hiyo ni siku nzima. Kikombe cha mililita 200 ni lita 29 kwa siku, karibu mita moja ya ujazo kwa mwezi. Dawa huwa ni raba ya ndani ya koki. Raba mpya ikiharibika ndani ya wiki chache, kiti cha shaba kimeliwa na kinaikata kila unapofunga. Hapo badilisha koki nzima, usiendelee kukaza kwa nguvu.

Kwa tangi la choo la zamani la lita 9 au zaidi, weka ndani chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji na kufungwa. Usiweke tofali, linamomonyoka na mchanga wake unaharibu raba. Choo cha vitufe viwili usikiguse, kimeshapunguzwa. Ukizidisha, watu wanaflashi mara mbili na mnarudi palepale.

Na Mzani, hiyo presha pampu yako naitilia shaka. Choo kikivuja, presha inashuka, pampu inajiwasha sekunde kadhaa, inazima, baada ya dakika chache inajiwasha tena, usiku kucha. Hapo tone moja unalilipia mara mbili, kwenye maji na kwenye umeme.

---

Mzani:

Ahsanteni sana wakuu. Majibu ya vipimo: swichi kubwa ikizimwa, taa ya mita inasimama. Usiku, kila kitu kimezimwa na friji imechomolewa, mita ya 1000 inameka mara moja kila sekunde 40, lakini baada ya dakika sita au saba inameka harakaharaka mara mbili tatu kisha inarudi kwenye 40. Rangi ya choo imeonekana bakulini kabla ya dakika 20 kuisha. Kuna stabilaiza ya friji na televisheni niliyosahau kuitaja.

---

Fundi Saketi:

Vizuri, hapo umepata mambo mawili tofauti. Ile mimeko ya haraka ni pampu: wati 750 hutoa mmeko mmoja kila sekunde 5 hivi. Bombani amekisia sawasawa. Tengeneza choo kwanza, kisha pima tena. Kama pampu bado inajiwasha na choo ni kizima, angalia vali ya kuzuia maji kurudi nyuma, na kama ina tangi la presha, huenda hewa yake imeisha.

Ile ya kudumu, sekunde 40, ni wati 90. Kwa mwezi ni uniti 65! Stabilaiza ikiwashwa bila mzigo inaweza kula wati 10 hadi 20, king'amuzi 10 hadi 15, ruta kama 10. Televisheni za sasa zikilala hula chini ya wati moja, usihangaike nayo. Hapo tumefika 45 kwa makadirio ya juu, zimebaki kama nusu. Shusha breka moja moja kwenye kisanduku huku mtu mwingine anaangalia mita. Breka itakayorefusha muda wa mimeko kwa kiasi kikubwa ndiyo yenye mzigo. Chomoa vifaa vyote vya upande huo. Ukipungua, kosa ni kifaa. Usipopungua na hakuna taa ya nje iliyosahaulika, umeme unavuja kwenye waya wenyewe au ndani ya hita.

Hapo acha. Mwite fundi mwenye leseni apime ukinzani wa nyaya. Wati 45 ni karibu miliampia 200, wakati breka ya kinga ya kuvuja umeme hutakiwa kukata kwenye miliampia 30. Kama ni uvujaji na breka haikukata, ama haipo ama imekufa. Bonyeza kitufe chake cha majaribio: isipokata, msitumie hita ya kuogea mpaka fundi afike. Hili la usalama lina uzito kuliko bili.

---

Kifuniko amejibu:

Nyongeza fupi kwa upande wa jiko.

Mwali wa gesi uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi, gesi haiungui yote: safisha vitundu vya jiko kwa sindano nyembamba bila kuvipanua. Mwali usizidi kitako cha sufuria, unaopanda pembeni unapasha hewa. Maji yakishachemka punguza moto na ufunike. Hayawezi kuzidi nyuzi 100 hata ukiuongeza moto, yanakauka haraka tu. Maharage makavu yaloweke saa 8 hadi 12, kisha tumia sufuria ya presha: ndani hufika nyuzi 120 hivi, na muda wa kupika unashuka hadi theluthi moja au chini ya hapo. Usijaze zaidi ya nusu kwa vyakula vinavyovimba na kutoa povu, maana povu huziba vali.

Mtungi upime kwa mzani siku unapoununua. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma cha juu, toa huo kwenye uzito wote, kilichobaki ndiyo gesi uliyolipia. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya regyuleta na mpira. Mapovu yakikua, funga mtungi hapo hapo.

Wengi huuliza umeme au gesi, kipi nafuu. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu uniti 12.8, lakini jiko la kawaida hufikisha kama nusu yake kwenye chakula. Jiko la sahani la umeme hufikisha robo tatu. Kwa hiyo kilo ya gesi inafanya kazi ya uniti 8 na nusu hivi. Zidisha bei ya uniti yako kwa 8.5, linganisha na bei ya kilo ya gesi, na upige hesabu upya kila bei inapobadilika.

---

Daftari amejibu:

Swali la nne lilibaki. Kabla ya kukata chochote, isome bili kwa sehemu zake. Kuna tozo isiyobadilika, unailipa hata usipotumia. Kuna matumizi. Na kunaweza kuwa na makato ya deni la nyuma. Angalia kama usomaji ni halisi au wa makadirio. Kama ni makadirio, piga picha ya mita yenye tarehe upeleke, usisubiri yajirekebishe. Kwa mita za kulipia kabla, manunuzi ya kwanza ya mwezi mara nyingine hukatwa tozo na deni, ndiyo maana fedha ileile inaleta uniti pungufu.

Uliza pia kama bei ni ya ngazi. Kama ipo ngazi inayopanda baada ya uniti fulani, gawanya kikomo hicho kwa 30, hicho ndicho kipimo chenu cha siku. Faida yake ni kwamba uniti unayookoa inatoka ngazi ya juu, ile ya bei kubwa. Kununua nyingi kwa mkupuo hakukwepeshi ngazi.

Halafu tenga fedha kabla bili haijafika. Chukua bili za miezi 12, jumlisha, ongeza asilimia ya bei mpya, gawanya kwa 52. Kiasi hicho kiwekwe kila wiki mahali pasipochanganyika na fedha ya sokoni. Anayepanga kwa bili ya mwezi uliopita huumia katika msimu wa matumizi makubwa.

Katika kukata, anza na malipo yanayojirudia yenyewe: vifurushi vya televisheni, huduma za simu zinazojiunga upya, bima mbili zinazokinga kitu kimoja. Ukivikata mara moja, akiba inaendelea bila kumsumbua mtu. Chakula kiwe cha mwisho, na hapo pima kwa bei ya kilo au lita, si ya pakiti, kwa sababu pakiti hupunguzwa uzito bei ikibaki ileile. Ununuzi wa jumla uwe wa visivyooza. Dawa na ada za watoto zisiguswe.

Kama deni limeshaanza, nenda kwenye kampuni kabla ya tarehe ya kukatiwa, uombe mgawanyo kwa maandishi: deni la zamani kwa awamu, bili mpya kamili kila mwezi. Usikubali awamu kubwa kuliko ile akiba ya wiki inavyoweza kubeba, kwani ukikosa awamu moja makubaliano mengi huvunjika na deni lote linadaiwa mara moja.

Mzani, kwa hali yako, rekebisha raba ya choo na uitafute ile mizigo ya usiku kabla ya kusaini mpango wowote. Soma mita zote mbili siku ileile ya wiki, saa ileile, kwa wiki nne, ndipo ujue kiasi halisi cha kutenga.

---

Mzani:

Nimekuelewa, mkuu Daftari. Raba ya choo inabadilishwa leo, fundi wa umeme amepewa miadi na breka ya hita imeshushwa mpaka afike. Nitaweka hapa usomaji wa wiki ya kwanza.

---

Bombani:

Ukishabadilisha raba, rudia rangi siku ya pili, si saa ileile. Raba mpya huchukua muda kukaa sawa kwenye kiti chake, na ikiwa bado inapitisha, angalia kama kiti chenyewe kimepinda.